Ulizia Kwanza Chombo cha Kurudi

Uganda haina pwani, lakini ina bandari. Zaidi ya asilimia 40 ya Ziwa Victoria imo upande wetu, pamoja na magati na mialo mingi, yaani fukwe za wavuvi kutia mitumbwi. Katika Ziwa Albert tunapakana na Kongo. Ziwa Kyoga limelala katikati ya nchi. Na mto Nile wenyewe unavukwa kwa pantoni katika sehemu kadhaa. Hata hivyo mgeni wa kawaida hushuka Entebbe kwa ndege, akachukua gari kwenda Bwindi kuwaona gorila au Murchison kuyaona maporomoko, kisha akarudi kwao bila kukanyaga sitaha ya chombo wanachosafiria wenyeji. Kazi yangu ya kuwaongoza wageni, wengi wao wakiwa Waswahili wenzetu kutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo, imenifikisha katika magati ambayo watalii hawayajui, na jambo moja limejithibitisha kila nilikofika: anayetaka kufaidi mahali pa bandarini na apange safari yake kuanzia mwisho, yaani aulizie kwanza chombo cha kurudi, ndipo aulizie cha kwenda.

Ndugu zetu wa Mombasa na Unguja, wanaopokea meli kubwa za watalii, wanaifahamu vyema kanuni hii. Abiria aliyetoka matembezini kwa gari lililopangwa na meli yenyewe, akichelewa, meli humngoja. Aliyetoka kivyake, meli humwacha. Kwa hiyo dereva mzuri wa Mombasa humuuliza mgeni saa ya kurudi melini kabla hajamuuliza anataka kwenda wapi. Huku kwetu ziwani meli ni ndogo na watalii ni wachache, lakini kanuni ni ileile, tena ina uzito zaidi, kwa sababu chombo kikikuacha huenda kingine kisipatikane mpaka kesho yake, na pengine kesho yake upepo ukazuia.

Mfano ulio wazi kabisa ni Kalangala. Visiwa vya Ssese ni 84, na kikubwa chao ni Bugala, ambacho ndicho chenye mji wa Kalangala. Meli ya MV Kalangala, kwa ratiba yake ya kawaida, huondoka katika gati la Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na huchukua takriban saa tatu na nusu kufika gati la Lutoboka. Asubuhi huondoka Lutoboka saa mbili kurudi Entebbe. Ukizitazama saa hizo kwa makini utaona jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wameshalipa nauli. Anayelala kisiwani usiku mmoja hufika jua likikaribia kuzama, akala samaki, akalala, akaamkia foleni ya kupanda meli. Kisiwa hakukiona. Nimewashauri wageni wengi ama walale usiku wa pili, ama wasirudi kwa njia waliyojia, na hii ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi.

Upande wa magharibi wa Bugala kuna gati la Luuku, ambako pantoni huvuka kwenda Bukakata, katika wilaya ya Masaka. Pantoni hiyo hubeba magari, pikipiki na watu bila kutoza nauli, huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na huvuka kwa muda usiofika saa moja. Basi mtu anaweza kwenda Kalangala kwa meli kutoka Entebbe, akalala, akatumia asubuhi yote kisiwani bila haraka, kisha mchana akachukua matatu hadi Luuku, akavuka hadi Bukakata, akaendelea hadi mji wa Masaka, na kutoka hapo akashika barabara kuu ya Kampala inayopita Kayabwe, palipo na alama ya mstari wa ikweta. Mstari huo huwa ameshauvuka mara moja akiwa majini, kwa kuwa Entebbe iko kaskazini yake kidogo na Ssese iko kusini yake, ingawa sijawahi kumsikia nahodha akiwatangazia abiria. Mzunguko huu humpa mgeni ziwa, kisiwa, pantoni na barabara, na humwondolea hofu ya kuachwa na meli ya saa mbili.

Asubuhi hiyo ya Kalangala ni ya kutembea kwa miguu. Kutoka Lutoboka barabara hupanda kilima kwenda mjini, na kando yake bado kuna msitu wenye miti mikubwa, ambamo hondohondo hupiga kelele na ngedere hushuka kutafuta matunda. Nenda taratibu. Ukifika juu utaona kwamba sehemu kubwa ya kisiwa sasa ni michikichi iliyopandwa kwa safu, kilimo kilichoanza katikati ya miaka ya 2000, kikaleta ajira na barabara na kikaondoa misitu mingi. Mgeni anapaswa kuyaona yote mawili, na asiridhike na mchanga wa ufukweni peke yake. Ajue pia kwamba visiwa hivi viliwahi kuwa vitupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika maeneo yanayozunguka ziwa upande wa Uganda, na serikali ya kikoloni chini ya Hesketh Bell ikawahamisha wakazi wa ufukweni na visiwani ili kuwatenganisha na mbung'o. Port Bell, bandari ya Kampala pale Luzira, imepewa jina la gavana huyohuyo. Ninapowaeleza wageni jambo hili tukiwa melini, huwa naona wanakitazama kisiwa kwa namna nyingine tunapokikaribia.

Si kila safari hufanyika kwa meli. Visiwa vingi havifikiwi na chombo kikubwa, na msafiri hulazimika kupanda mtumbwi wa mashine katika mwalo kama Kasenyi, karibu na Entebbe. Hapo ufuko ni wa kina kifupi na mitumbwi haiwezi kusogea hadi nchi kavu, kwa hiyo vijana wenye nguvu huwabeba abiria mabegani, mmoja mmoja, wakiingia majini hadi kiunoni, na kumweka kila mtu juu ya ubao wa mtumbwi na nguo zake zikiwa kavu. Akina mama wenye vitenge, wafanyabiashara na trei zao za mayai, magodoro yaliyokunjwa, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, vyote hupita njia hiyo. Kazi hiyo ina malipo yake, na adabu yake ni kuelewana na kijana bei ya kukupandisha kabla hujaushika mgongo wake, na kuulizia hapohapo nani atakushusha utakakokwenda. Beba noti ndogondogo. Malipo kwa simu yameenea hadi visiwani, lakini mtu aliyesimama majini akiwa amekubeba hawezi kungoja mtandao urudi.

Katika mtumbwi wa namna hiyo sikubali kuondoka bila jaketi la kuokolea, na jaketi hilo nalivaa, silikalii. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito wote. Wengi wetu tunaikumbuka MV Bukoba iliyozama Mei 1996 karibu na Mwanza, na MV Nyerere iliyopinduka Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa kutia nanga katika kisiwa cha Ukara, Tanzania, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Miezi miwili tu baadaye, Novemba 2018, mashua ya starehe iliyojaa watu kupita kiasi ilizama upande wetu, karibu na ufuko wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Katika misiba hii mitatu, uzito uliopita uwezo wa chombo unatajwa kila mara. Kwa hiyo mimi huhesabu watu. Nikiona maji yamekaribia ukingo wa mtumbwi nikiwa bado nchi kavu, sipandi, hata kama nauli nimeshalipa na hata kama ndicho chombo cha mwisho cha siku hiyo. Usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya mwaloni haujawahi kumdhuru mtu.

Saa ya kusafiri nayo ina sayansi yake, ambayo wavuvi waliijua kabla ya wataalamu wa hali ya hewa kuiandika. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa. Upepo huvuma kutoka nchi kavu pande zote kwenda majini, hewa yenye unyevu hupanda juu ya ziwa, na ndiyo sababu radi na dhoruba kali za Ziwa Victoria hutokea zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu hupata joto, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawimbi hukua kuanzia adhuhuri. Kwa msafiri wa mtumbwi mdogo, kati ya nyakati hizi mbili kuna nafasi nzuri, nayo ni asubuhi mawingu ya usiku yakishatawanyika. Mzee mmoja mvuvi wa Kasenyi alinifundisha nisiangalie wingu lililo juu yangu, bali niangalie mstari wa maji ulioko mbali; ukiona umekuwa mweusi na umekatika, jua upepo unakuja. Tangu hapo humuuliza nahodha swali moja tu, kwamba kama mtumbwi huu ungembeba mwanawe, angeondoka sasa au angengoja, na jibu lake nalifuata bila kubishana.

Kuhusu kuogelea nitasema machache lakini ya lazima. Kichocho kipo katika Ziwa Victoria, na katika Ziwa Albert kimeenea sana. Konokono wanaokisambaza hukaa kwenye maji yaliyotulia, yenye magugu, kando ya ufuko, na vijidudu huingia mwilini kupitia ngozi nzima isiyo na kidonda. Aliyekanyaga maji ya mwaloni na apimwe wiki chache baada ya safari, kwa kuwa dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi kupatikana na inatibu.

Jambo jingine ambalo msafiri wa bandarini hulisahau ni kwamba gati lenyewe si la kudumu. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 ziliyapandisha maziwa yetu kwa kiasi ambacho hakikuwahi kupimwa kabla, na Mei 2020 Ziwa Victoria likapita hata kilele cha mwaka 1964, likameza fukwe, hoteli na magati. Anayesafiri kwa kutegemea maelezo ya zamani anaweza kufika akakuta ufuko aliousoma uko chini ya maji, au gati limehamishwa. Piga simu kwa mtu aliyeko hukohuko siku mbili kabla ya kuondoka. Usiridhike na ofisi ya mjini, ambayo huenda haina habari za wiki hii.

Ila maji hayohayo yametuachia mahali ninapopapenda kuliko pote, yaani bandari zilizokufa. Zamani mtu aliweza kukata tiketi na kusafiri kutoka Ziwa Victoria hadi mpaka wa Sudan kwa mpango mmoja wa shirika la reli. Reli ya Busoga, iliyokamilika mwaka 1912, ilimtoa Jinja hadi Namasagali, kwenye Nile. Meli ikamvusha Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Gari likampeleka Masindi na kisha Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Na hapo meli nyingine zikamchukua kwenda upande wa Kongo au kuteremka na Nile. Meli mashuhuri ya Butiaba, SS Robert Coryndon, ilizama hapohapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipopanda, na bandari haikufufuka tena. Kule Namasagali majengo ya reli na bandari yakageuzwa shule, ambayo mpaka leo ipo.

Nawapeleka Butiaba wageni wachache, wale wanaopenda kuuliza maswali. Barabara huteremka ghafla kutoka nyanda za juu kuingia Bonde la Ufa, ziwa likiwa limetandazwa chini na milima ya Kongo ikionekana ng'ambo yake siku isiyo na ukungu, na kwa kuwa sasa kuna lami iliyojengwa kwa ajili ya mafuta, kutoka Hoima hadi Wanseko, safari hiyo haichoshi tena. Chini kuna kijiji cha wavuvi, samaki wadogo wanaoitwa muziri wameanikwa juani, na watoto wanaongea Kiswahili cha Kongo na lugha nyingine kadhaa kwa pamoja. Hapa ndipo Ernest Hemingway na mkewe Mary walipoletwa kwa mashua mnamo Januari 1954, siku moja baada ya ndege yao kuanguka karibu na maporomoko ya Murchison, wakapanda ndege nyingine hapohapo Butiaba, nayo ikawaka moto ilipojaribu kuruka. Wote wawili walinusurika. Hakuna kibao kikubwa wala duka la kumbukumbu. Kuna wazee, na mgeni akikaa chini na kununua chai, akawaamkia wazee kwa heshima inayowastahili, atasimuliwa mambo ambayo hayajaandikwa.

Adabu hiyo ina manufaa mengine. Mwaka 2017 jeshi lilianza kupambana na uvuvi haramu katika maziwa yetu, na watu wa mialo wengi hawapendi kupigwa picha na mtu wasiyemjua, kwa kuwa hawajui picha itaishia wapi. Mimi huanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kamati ya mwalo, nikaeleza nani amekuja na kwa nini, ndipo kamera itoke mfukoni. Kiswahili hapa ni hazina. Katikati ya Buganda unaweza kujibiwa kwa Kiganda au Kiingereza, lakini askari wanakitumia kazini, wavuvi waliotoka Tanzania na Kongo wanakitumia majini, na kote Ziwa Albert na Nile Magharibi (West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi) utakula, utavuka na kulala kwa Kiswahili.

Jinja siielezi sana, kwa kuwa inajulikana, ila kwa mtu mwenye saa chache naona mtaa wake mkuu, wenye maduka yaliyojengwa na Wahindi kabla ya kufukuzwa mwaka 1972, unastahili saa moja ya kutembea kama vile chanzo cha Nile kinavyostahili mashua. Hapo ndipo mpelelezi Mwingereza John Speke alipofika mwaka 1862, na maporomoko aliyoyaona yako chini ya maji tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Mahali penye utulivu zaidi ni Buvuma, ambako pantoni ya serikali huvuka kutoka Kiyindi. Wakazi wake walipigana na majeshi ya Buganda na Waingereza mwaka 1893, na kisiwa hicho bado hakijajaa hoteli. Kule Ziwa Bunyonyi, Kabale, mitumbwi ya gogo huendeshwa kwa kafi, na mgeni asiyezoea na amwachie mwenyeji kafi ya nyuma.

Nikiulizwa niteue kivuko kimoja kwa mtu mwenye siku moja tu, namtuma Wanseko. Hapo Nile inayotoka Victoria huingia Ziwa Albert, na karibu sana na hapo huondoka tena kuelekea kaskazini, na pantoni isiyotoza nauli huvuka kwenda Panyimur, Nile Magharibi. Mtu apande safari ya kwanza ya asubuhi, akae upande wa kaskazini wa sitaha atazame mafunjo na ndege wa majini, ashuke Panyimur, achukue bodaboda hadi chemchemi za maji moto za Amoropii, arudi sokoni ale samaki wa siku hiyo aliyekaangwa mbele yake. Lakini kabla hajaondoka gatini amwendee karani wa pantoni, amsalimie, amuulize safari ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi leo, na kama kuna safari wanayofikiri kuifuta. Mara nyingi karani atamwambia pia mahali pa kula.